Daiodi mahali pa valvu ya rektifaya: volti 40 za ziada na namna ya kuzimudu

Rektifaya ya valvu, ile inayogeuza AC ya transfoma kuwa DC, haifi bure. Amplifaya ikiletwa mezani na 5Y3 iliyoungua, au EZ81 inayorusha cheche ndani ya kioo, mara nyingi nyuma yake kuna kapasita iliyopiga shoti, au valvu ya nguvu inayovuta miliampia kupita kiasi. Fundi mwenye haraka anachomea daiodi mbili chini ya soketi, anawasha, sauti inatoka, mteja analipa. Wiki tatu baadaye kifaa kinarudi kikinuka lami. Ni transfoma hiyo.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Valvu ina ukinzani wa ndani. Ikikutana na shoti inawaka, inachoka, inajifia, na kufa kwake ndiko kunakokata umeme. Daiodi ya silikoni haina ukinzani wa kuhesabika. Shoti ile ile inapita hadi kwenye koili ya transfoma, na transfoma ndiyo kipande ghali kuliko vyote kwenye chasisi, tena hakipatikani dukani.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya daiodi. Chomoa plagi, toa valvu zote, maliza chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 4.7 ya wati 10 (si kwa bisibisi, cheche ya bisibisi inaumiza kapasita na macho), kisha pima omu kati ya B+ (waya wa volti za juu za DC unaotoka kwenye rektifaya) na chasisi. Namba itaanza chini na kupanda taratibu kapasita zinapojaa chaji ya mita. Ikigota chini ya kilo-omu 10 na kubaki hapo, usiweke chochote mpaka umjue mwizi. Kapasita za elektroliti za miaka ya 1950 na 1960 sisi tunazibadilisha bila kuzipima. Hata ile iliyosalimika kwenye mita haisalimiki kwenye volti 400.

Valvu ilikuwa inakula volti ngapi

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa kudhani rektifaya zote ni ndugu. 5Y3GT imepimwa kwa miliampia 125, na ikipitisha kiasi hicho inajilia takriban volti 50. 5U4G ni ya miliampia 225, inakula volti 44 kwa mkondo huo. GZ34, ambayo Wamarekani wanaiita 5AR4, inapitisha miliampia 225 kwa kupoteza volti 17 tu. EZ81 ya hita ya volti 6.3 iko karibu na GZ34 kuliko 5Y3. Daiodi ya silikoni inakula volti moja, au pungufu ya hapo.

Maana yake ni kwamba kuitoa GZ34 na kuweka daiodi ni badiliko dogo la volti kama 20, lakini kuitoa 5Y3 ni jambo jingine kabisa. Tuchukue hesabu ya amplifaya ndogo ya gitaa yenye 6V6GT mbili, aina ya Fender ya miaka ya 1950: transfoma ya 325-0-325 (volti 325 kila upande wa waya wa kati), rezista moja ya kathodi (upande wa valvu unaotoa elektroni) ya omu 250 kwa valvu zote mbili, B+ ya volti 360 ikiwa na 5Y3. Kathodi inasoma volti 20. Ishirini gawanya kwa 250 ni miliampia 80, yaani 40 kwa kila valvu. Ondoa miliampia 3 za gridi ya skrini, zinabaki 37 kwenye anodi, bamba linalopokea elektroni. Kati ya anodi na kathodi kuna volti 340. Zidisha: wati 12.6 kwa kila 6V6. Kikomo cha zamani cha valvu hiyo ni wati 12, na toleo la baadaye la vipimo linaruhusu 14. Tayari ilikuwa inasukumwa tangu kiwandani.

Sasa weka daiodi tupu. B+ inapanda hadi karibu 400, kathodi inafika volti 22, mkondo ni miliampia 88 kwa zote mbili. Anodi moja inapitisha 41 chini ya volti 378. Hiyo ni wati 15.5. Zima taa za chumba uangalie: bamba la ndani la 6V6 litaanza kuonyesha wekundu hafifu kwenye mshono wa pembeni. Valvu haifi siku hiyo. Inakufa baada ya miezi michache, na gridi ya skrini ndiyo inayotangulia.

Hesabu hiyo ya kathodi ifanye kila mara, kabla na baada, na uiandike. Kwa jozi ya EL84 rezista ya kathodi huwa omu 130, kikomo ni wati 12 kwa anodi na volti 300, na EL84 za leo hazina uvumilivu wa zile za zamani.

Volti za kinyume: kwa nini moja haitoshi

Kwenye transfoma yenye waya wa kati, daiodi iliyozimwa inabeba kilele cha koili zote mbili. Kwa 325-0-325, kilele cha upande mmoja ni 325 mara 1.414, yaani volti 460. Kapasita imejaa 460 upande mmoja wa daiodi, na koili iko chini ya sifuri kwa 460 upande wa pili: jumla 920. Daiodi ya kawaida ya 1N4007 ni ya volti 1000. Inaonekana inatosha, mpaka umeme wa nyumbani upande kwa asilimia 10 usiku majirani walipolala; 920 inakuwa 1012.

Dynaco ST-70 ni mfano mzuri zaidi. Transfoma yake ni 360-0-360, kwa hiyo daiodi inaona volti 1018 hata umeme ukiwa sawasawa. Anayeweka 1N4007 moja kila upande pale anacheza bahati nasibu.

Weka mbili kwa mfululizo kila upande, nne kwa jumla. Ni shilingi chache. Juu ya kila daiodi lehemu rezista ya kilo-omu 470 ili zigawane volti sawasawa, na hapa kuna mtego mdogo: rezista ya kawaida ya robo wati huwa imepimwa kwa volti 250 hivi, nawe unaipa 460. Tumia ya nusu wati au wati moja, au mbili za kilo-omu 220 kwa mfululizo. Daiodi za siku hizi zikiwa za kundi moja mara nyingi zinagawana zenyewe bila rezista, lakini hatuoni sababu ya kubana senti hapo.

UF4007 ina volti zilezile na inafunga haraka zaidi, hivyo ina kelele ndogo. Ikipatikana, chukua hiyo. 1N5408 ya ampia 3 haina faida hapa. Mkondo wote ni sehemu ya kumi ya ampia, na miguu yake minene inasumbua kwenye soketi.

Neno moja kuhusu daiodi za sokoni. Zipo zilizoandikwa 1N4007 ambazo ndani ni za volti ndogo zaidi, na mita ya kawaida haiwezi kukuambia, kwa sababu inapima kwa volti moja au mbili tu. Azima mega (kipimo cha uhamishaji) ya fundi wa umeme wa majumbani, iweke volti 500, upime kwa kinyume, mstari wa fedha ukiwa kwenye waya chanya. Nzima inasoma mamia ya megaomu. Inayosoma chini ya megaomu moja itupe, usiirudishe kwenye kopo.

Kapasita na dakika ya kwanza

Husemwa kwamba daiodi huua kapasita kwa sababu valvu huwaka polepole. Ni kweli nusu. GZ34 na EZ81 zina kathodi inayopashwa kwa hita ya pembeni, kwa hiyo B+ inapanda taratibu na kukuta valvu za nguvu zimeanza kuvuta. 5Y3 na 5U4 si hivyo: filamenti yenyewe ndiyo kathodi, inawaka kwa sekunde chache, na B+ inafika kileleni wakati 6V6 bado baridi. Kapasita za amplifaya ya 5Y3 zimezoea kupigwa na kilele kila siku. Za amplifaya ya GZ34 hazijazoea.

Bila kujali ilikotoka, hesabu ni moja. Kilele cha 325 ni 460, na umeme ukiwa 250 badala ya 230 ni 500. Kapasita ya volti 450 haifai hapo kwenye nafasi ya kwanza. Weka ya volti 500 iliyo bora, au mbili za maikrofaradi 100 volti 350 kwa mfululizo: unapata maikrofaradi 50 zinazovumilia volti 700. Juu ya kila moja weka kilo-omu 220 ya wati 2. Rezista hizo zinagawanya volti, na pia zinamaliza chaji ukizima. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Valvu za nguvu zikiwa zimetolewa au zimekufa, hakuna kinachoinywa chaji, na maikrofaradi 50 zenye volti 460 zinaweza kukusubiri hadi kesho yake.

Usishawishike kuongeza kapasita ya kwanza kwa kuwa daiodi "inaweza." GZ34 imewekewa kikomo cha maikrofaradi 60, na 5Y3 ilizoea 10 hadi 20. Daiodi itabeba 220 bila kulalamika, lakini transfoma haitaipenda: mkondo unapita kwa mapigo mafupi na makali zaidi, na joto la koili linafuata mraba wa mkondo. Halafu siku moja mtu atarudisha valvu ya asili kwenye soketi hiyo hiyo, na itarusha cheche akiwa ameishika chasisi.

Kurudisha ukinzani

Kazi yenyewe iko hapa. Valvu ilikuwa inakula volti 40. Wewe weka rezista izile badala yake. Swali ni ya omu ngapi, na ukipiga hesabu ya darasani utakosea. Volti 40 gawanya kwa miliampia 100 ni omu 400, sivyo? Ingekuwa hivyo kama mkondo ungepita laini. Kabla ya kapasita ya kwanza mkondo unapita kwa mapigo, kila pigo likiwa mara tatu au nne ya wastani, kwa hiyo omu chache zinatosha. Kwa amplifaya ile ya 6V6 tunaanza na omu 150, tunapima, kisha tunasogea 120 au 180 mpaka B+ irudi 360.

Wati nazo zina mtego huo huo. Omu 150 kwa miliampia 100 zinaonekana kama wati 1.5. Lakini joto linafuata mraba wa mapigo, si wa wastani. Mkondo wa kuhesabia joto ni kama mara moja na nusu ya ule wa DC. Kwa hiyo ni kama wati 3.4. Rezista ya wati 5 itaungua rangi ndani ya mwezi. Weka ya wati 10 ya waya, ile nyeupe ya kauri au ya bati la alumini iliyofungwa kwa skrubu kwenye chasisi, mbali na kapasita. Tumeona elektroliti iliyolazwa ubavuni mwa rezista kama hiyo. Ganda lake la plastiki lilikuwa limejikunja kama ganda la karanga.

Rezista ikae kati ya makutano ya daiodi na kapasita ya kwanza. Namna nyingine ni kugawa mbili, moja kwenye kila mguu wa transfoma kabla ya daiodi, na hiyo tunaipendelea, kwa sababu daiodi za upande mmoja zikipiga shoti, kuna kitu njiani cha kuuzuia mkondo. Amplifaya nyingi za Uingereza zenye EZ81 zilikuja na rezista hizo tayari, za omu kumi kadhaa kwenye kila anodi. Usizing'oe kwa kudhani hazina kazi.

Kwa GZ34 mara nyingi hakuna haja ya kitu kikubwa. Omu 47 kila mguu, upime, uone.

Kuna wanaoweka zena (daiodi inayoshikilia volti zisizobadilika) kubwa kwenye waya wa kati badala ya rezista. Inashusha volti bila kuyumba, ndiyo, lakini inataka bamba la kupoza, na kwenye amplifaya ya gitaa inaondoa kile kinachotafutwa, kuzama kidogo kwa B+ nyuzi zikipigwa kwa nguvu. Rezista inazama, zena haizami.

Plagi badala ya kulehemu chini

Usiguse nyaya za asili chini ya soketi ikiwa unaweza kuepuka. Chukua valvu mbovu ya pini nane, ifunge kwa kitambaa kinene mara mbili, vaa miwani, vunja kioo ndani ya mfuko, safisha gundi kwa koleo mpaka libaki kalio la bakelaiti. Pasha moto kila pini kwa chuma cha kulehemu na uigonge chini ili risasi ya zamani idondoke.

Kwa jamii ya 5Y3, 5U4 na GZ34, anodi ni pini ya 4 na ya 6, na B+ inatoka pini ya 8. Pini ya 2 ni mwisho wa pili wa filamenti; iache tupu. Daiodi mbili toka pini ya 4 hadi ya 8, mbili toka ya 6 hadi ya 8, mstari wa fedha ukielekea 8 zote nne. Makutano ya katikati yaache yaning'inie ndani ya kalio, umeyavisha mpira wa kuhami. Usiyalehemu kwenye pini ya 3 au ya 5 kwa ajili ya kuyashikilia tu. Mafundi wa zamani walitumia matundu matupu ya soketi kama vituo vya nyaya nyingine, na unaweza kujikuta umeunganisha volti 460 na taa ya kioo cha mbele.

Rezista ya wati 10 isiingie ndani ya plagi. Inahitaji hewa.

Koili ya volti 5 sasa haina kazi, lakini si salama kuishika. Mwisho wake mmoja bado uko kwenye pini ya 8, kwa hiyo nyaya zote mbili ziko kwenye B+ kamili. Aliyepima volti 5 kati ya nyaya hizo akadhani ni waya mpole, halafu akaufunga kwenye chasisi au akaupa kibalbu, amepiga shoti B+ nzima. Kama unatoa soketi kabisa, kila mwisho uhamiwe peke yake na ufungwe kando. Usiusokote na mwenzake.

Kuondoa filamenti kunaipunguzia transfoma wati 10 za 5Y3 au wati 15 za 5U4. Transfoma inapumua, lakini kwa sababu hiyo hiyo volti nyingine zinapanda kidogo. Pima hita za valvu zilizobaki. Zinataka 6.3; zikivuka 6.9 tafuta sababu.

EZ80 na EZ81 ni za pini tisa: anodi 1 na 7, kathodi 3, hita 4 na 5. Kalio lake ni la kioo, halifanyi plagi, kwa hiyo tafuta plagi tupu ya pini tisa au lehemu chini ya soketi na uache pini ya 4 na ya 5 bila kuguswa.

Fyuzi

Daiodi ikifa huwa inapiga shoti. Volti za AC zinaingia kwenye elektroliti, elektroliti inachemka na kupasuka, na fyuzi ya mlangoni ya ampia 2 inatazama tu. Weka fyuzi ya pili kwenye waya wa kati wa transfoma, kabla haujafika chasisi: miliampia 250 ya kuchelewa kwa amplifaya ya 6V6 mbili au EL84 mbili, miliampia 500 kwa zenye EL34 mbili. Kishikizo cha fyuzi kiwe kimehamiwa vizuri, kwa sababu ikikatika, upande wa transfoma unabaki na volti za juu.

Kwenye amplifaya ambazo volti za bayasi ya gridi (volti hasi zinazodhibiti mkondo wa valvu za nguvu) zinachukuliwa toka mguu mmoja wa koili hiyo hiyo kupitia rezista, chunguza kwanza. Fyuzi ya waya wa kati ikikatika pale, bayasi nayo inapotea au inavurugika. Hapo weka fyuzi mbili, moja kila mguu, baada ya mahali bayasi inapochukuliwa.

Kuwasha

Taa ya mfululizo, balbu iliyofungwa njiani kati ya umeme wa ukuta na amplifaya, ndiyo rafiki. Balbu ya filamenti ya wati 60, si ya LED. Za LED hazifanyi kazi hii kabisa, na za filamenti zimeanza kuadimika madukani, kwa hiyo ukiziona nunua mbili tatu. Valvu za nguvu zikiwa nje, washa. Balbu iwake kwa nguvu mara moja kisha ififie. Ikibaki inang'aa, zima. Ikififia, pima B+ na uilinganishe na kapasita zako. Kisha ondoa balbu na upime tena, kwa sababu sasa ndiyo unaona kilele cha kweli. Zima, maliza chaji, rudisha valvu za nguvu, washa, subiri dakika kumi, pima B+, kathodi na hita, fanya hesabu ya wati. Mkono mmoja mfukoni.

Kama wati zimezidi kidogo na hutaki rezista kubwa zaidi, angalia kwanza upande wa umeme wa nyumbani. Vifaa vingi vya Philips vya zamani vina kitufe cha kuzungusha chenye 110, 125, 145, 200, 220 na 245. Kenya umeme ni 240. Kifaa kilichokuwa kwenye 220 kinapata asilimia 9 zaidi kila mahali, na hita za 6.3 zinasoma karibu 6.9. Kuzungusha hadi 245 ni tiba ya bure, na tumeona mara nyingi ikimaliza tatizo ambalo daiodi ndiyo ilikuwa imelaumiwa. Amplifaya za Marekani za enzi hiyo zilisukwa kwa volti 117; transfoma ya kushusha inayokupa 125 inafanya madhara yale yale.

Kelele, redio, na valvu inayorusha cheche asubuhi

Daiodi inapofunga inatoa mshindo mfupi wa masafa ya redio. Kwenye amplifaya tupu huenda usiusikie. Kwenye redio yenye amplifaya utausikia hivi: ukiwa katikati ya stesheni mbili kimya, ukinasa stesheni mvumo unatokea, ukitoka unapotea. Wengi wanabadilisha kapasita za B+ hapo, na hazina kosa. Tiba ni kapasita ya kauri ya nanofaradi 10 volti 1000 juu ya kila daiodi. Kama redio ilikuja na kapasita toka anodi za rektifaya hadi chasisi, zibadilishe mpya, lakini usiziondoe.

Jambo la mwisho la kiufundi linawapata wenye Fender Bassman na Marshall za zamani, na kila sakiti iliyo na valvu ya ECC83 ambayo gridi yake imefungwa moja kwa moja kwenye anodi ya jirani. Valvu zikiwa baridi, anodi hiyo iko kwenye B+ kamili, kwa hiyo gridi nayo iko kwenye volti 300, na kathodi iko sifuri. Valvu hiyo inarusha cheche ndogo ya bluu kila asubuhi, na baada ya muda inaanza kukwaruza. Kwa GZ34 haikuwepo, kwani B+ ilisubiri. Balbu ndogo ya neoni kati ya gridi na kathodi inatosha: inawaka ikivuka volti 70 hivi, inazibeba, kisha ikizimika haionekani tena kwenye sakiti.

Kuhusu kathodi "kuchubuliwa" na B+ inayokuja kabla ya joto, hatuna wasiwasi kwa valvu ndogo. Televisheni za miaka ya 1960 zilikuwa na daiodi za BY100 na B+ ya papo hapo kila jioni, na valvu zake zilidumu miaka. Hatari hiyo ni ya valvu kubwa za mitambo ya kurushia matangazo. Ukitaka subira, weka rilei ya sekunde 30, lakini iweke kwa ajili ya kapasita.

Redio zisizo na transfoma, zile za UY85, ni mlango mwingine. Hita zake zote ziko kwenye mfululizo mmoja wa miliampia 100, na UY85 inachukua volti 38 kati yake. Ukiing'oa, redio nzima inazima. Lazima uweke omu 380 mahali pa hita, zinazotoa wati 3.8, hivyo rezista ya wati 10, karibu na mahali valvu ilipokuwa ili joto litoke kwa njia ile ile ya zamani. Na chasisi ya redio hiyo inaweza kuwa kwenye waya wa moto wa ukutani. Ipime kwa testa kabla hujaweka kidole.

Juu ya kila plagi ya daiodi tunabandika karatasi: SILIKONI, omu za rezista iliyofungwa kwenye chasisi, B+ iliyosomwa, na volti za ukuta siku hiyo. Bila hivyo plagi ya amplifaya ya GZ34 itachomekwa kwenye ya 5Y3 isiyo na rezista, na itawaka vizuri tu.